Nne na Saba

Nasima binti Mselem hakuwa mwanafunzi wa kunyoosha mkono. Akijua jibu aliliandika, akalifunika kwa kiganja, akatazama dirishani mpaka wenzake wamalize. Muhula mzima wa kwanza Mwalimu Imakulata, aliyekuwa akifundisha hisabati katika shule moja ya sekondari ya wasichana huko Mabawa, Tanga, alimdhania hasikilizi. Alimwita ubaoni mara mbili ili amwaibishe kidogo. Mara zote mbili binti alikokotoa hesabu bila kufuta, akarudi kwenye dawati lake kama mtu aliyetumwa chumvi akaileta.

Mwalimu alikuja kumjua kwenye klabu ya hisabati. Siku hiyo Imakulata alichora vitone ubaoni: safu mbili za vitone viwili, kisha safu tatu za vitone vitatu. Akawaeleza kwamba nne ni namba mraba, kwa sababu vitone vyake vinajipanga mraba kamili, na tisa vilevile. Ukizijumlisha unapata kumi na tatu. Akawaambia waende nyumbani wakatafute namba nyingine zinazopatikana kwa kujumlisha miraba miwili.

Klabu ilipokutana tena, wenzake walileta tano, wakaleta kumi, wakaleta ishirini na tisa. Nasima alileta sitini na tano.

"Hii inakuja kwa njia mbili, mwalimu," alisema. "Mraba wa moja na mraba wa nane. Tena mraba wa nne na mraba wa saba. Na themanini na tano iko hivyohivyo. Mbili na tisa, sita na saba."

"Nani kakuonyesha?"

"Hakuna."

Baadaye alileta mia tatu ishirini na tano, ambayo inakuja kwa njia tatu, na swali juu yake. Ameona, alisema, kwamba ukichukua namba mbili za aina hii ukazizidisha, njia huelekea kuongezeka. Tano mara kumi na tatu ni sitini na tano. Tano mara kumi na saba ni themanini na tano. Kwa nini?

Imakulata alimbakiza baada ya vipindi akamwonyesha kwa nini, akitumia herufi badala ya namba. Nasima alifuata mstari kwa mstari huku midomo ikicheza. Walipomaliza, mwalimu alimwambia polepole, akihofia kumvunja moyo, kwamba jambo hilo wataalamu walikwisha kulijua karne nyingi zilizopita.

Uso wa Nasima ulichanua. "Kumbe ni kweli, basi," alisema. "Nilidhani labda nimebahatisha."

Imakulata alikuwa amefundisha miaka mingi, na hakukumbuka kusikia neno lililompendeza kuliko hilo. Wazazi wake walikuwa wakata mkonge waliotoka Kigoma. Yeye alizaliwa na kukulia kwenye kambi ya mkonge, nje ya Muheza. Alifika chuo kikuu kwa kufuata taratibu: kuwahi, kunyamaza, kutokosea, kwa sababu alijua mtoto wa kambini akikosea hapewi nafasi ya pili. Hakupata watoto. Toka siku ile alimchukua Nasima kama wake, ingawa hakulitamka hilo kwa mtu.

Nasima alipofika kidato cha nne, yakatangazwa mashindano ya hisabati ya shule za mkoa. Mshindi angekwenda Dar es Salaam kwenye kambi ya mafunzo, na huko wangechaguliwa vijana wa kuiwakilisha nchi. Nasima hakuwahi kutamani kitu kwa sauti, lakini hiki alikitamani. Alikuwa akimuuliza mwalimu wake maswali ya ajabu: huko kambini watu wanazungumza hesabu hata wakati wa kula? Kuna wasichana wengine?

"Watakuwapo," alisema Imakulata. "Na wewe utakuwapo."

Kamati ya mashindano ilimwomba Imakulata awe mmoja wa majaji watatu. Alikubali kwa furaha. Mwenyekiti wa majaji alikuwa Mwalimu Edgar, mtu wa Lushoto, mzee wa kanisa lake la Kilutheri, mpole, anayeheshimika kwa mitihani aliyoitunga na wanafunzi aliowatoa. Wa tatu alikuwa Fadhil, mwalimu kijana kutoka Pangani. Asubuhi ya mashindano Edgar aliwakusanya nyuma ya ukumbi wa shule ya Usagara, akawapa maelekezo.

"Jaji ambaye mwanafunzi wake anashindana asiseme lolote juu ya jibu la mwanafunzi huyo," alisema. "Awaachie wenzake. Hatutaki maneno."

Imakulata aliitikia. Aliona ni utaratibu mzuri.

Ukumbi ulijaa. Baba yake Nasima, Mselem, mfanyabiashara wa mchele na karafuu aliyehamia Tanga kutoka Pemba, alifunga duka lake akaja na kanzu aliyoivaa Idi. Alikaa safu ya tatu, mikono magotini. Hisabati hakuijua zaidi ya ile ya mizani, lakini aliambiwa kwamba leo binti yake atasimama mbele ya watu, na hilo alitaka kuliona kwa macho yake.

Alisimama kweli. Maswali yakaja, wanafunzi wakapungua, mpaka jukwaani wakabaki wawili: Nasima, na kijana aitwaye Innocent kutoka shule ya Muheza, mrefu, mwenye adabu, anayejibu huku amefumba macho. Wawili hao walifungana kwa alama. Likatolewa swali la mwisho la kuamua. Kwa kura, Nasima angejibu kwanza. Akikosa, swali lingehamia kwa Innocent.

Mwendesha shughuli, Mwinyijuma, alikuwa mtangazaji wa redio. Sauti yake ilikuwa nzuri na hisabati hakuwa nayo. Alifungua bahasha.

"Taja namba mbili nzima," alisoma, "ambazo kila moja ukiizidisha kwa yenyewe, kisha ukajumlisha, utapata sitini na tano."

Imakulata alitazama chini ili watu wasione tabasamu lake. Miongoni mwa namba zote za ulimwengu, swali lilikuwa limeangukia hiyo.

"Nne na saba," alisema Nasima papo hapo. "Au pia..."

"Jibu la kwanza ndilo jibu!" Mwinyijuma alimkatiza, akatazama karatasi yake. "Nne na saba... Hapana! Pole sana binti. Si sahihi."

Watu wakaguna. Kundi la wanafunzi waliokuja na Innocent wakapiga kelele na kucheka. Nasima hakushuka wala hakujitetea. Aligeuka akatazama meza ya majaji.

Pale mezani Edgar alikuwa amelipa jukwaa mgongo, akimweleza jambo mgeni rasmi aliyekuwa akiulizia muda wa kuondoka. Fadhil aliandika kitu kwenye karatasi, akakitazama, akamtazama Imakulata. Macho yake yaliuliza. Imakulata alifumbua mdomo. Akakumbuka maelekezo ya asubuhi. Akafikiri, Fadhil ameona, atasema yeye. Fadhil naye, kama alivyokuja kueleza baadaye, alifikiri, mwalimu wake mwenyewe amenyamaza, labda kuna sharti la swali ambalo mimi sikulisikia.

"Swali linahamia kwa Innocent!" alisema Mwinyijuma.

Innocent alifumba macho. "Moja na nane."

"Sahihi!"

Ukumbi uliinuka. Makofi, vigelegele, wanafunzi wa Muheza wakapanda jukwaani wakambeba mwenzao juu juu. Mgeni rasmi alipanda akakabidhi kombe, akapigwa picha, akaondoka na msafara wake. Muda wote huo Nasima alikuwa amesimama palepale, akiitazama meza ya majaji. Hakuwa akilia. Alikuwa akisubiri, kama anavyosubiri mtu ambaye ana hakika.

Imakulata hakuweza kumtazama. Alijishughulisha na kukusanya kalamu.

Nje ya ukumbi Mselem alimkuta binti yake ukutani, mkoba kifuani.

"Haya mwanangu, ndio ridhiki," alisema. "Umejitahidi."

"Baba, nilipata."

"Ulipata nini?"

"Jibu. Nne na saba ni sahihi. Wamekosea wao."

Mselem alitazama huku na huku, asije mtu akasikia. "Nasima. Pale wamekaa walimu watatu. Na mwalimu wako yupo. Watu wote wale wakosee, uwe sawa weye peke yako?"

"Mwalimu anajua kama nimepata."

"Basi angesema."

Mselem, aliyekuwa akimpenda binti yake kupita kiasi, alimwambia neno ambalo alidhani ni malezi: "Kushindwa si aibu. Aibu ni kukataa kushindwa." Wakaenda nyumbani, baba mbele, binti nyuma.

Imakulata alimkamata Edgar kabla hajaingia garini.

"Nne na saba," alisema. "Kumi na sita na arobaini na tisa. Jumla sitini na tano."

Edgar alisimama, akakokotoa kichwani, na Imakulata aliona uso wake ukibadilika. Hakubisha. Alishusha pumzi akasema, "Ee Mungu. Nililitunga mimi swali lile. Sikuwaza kama lina njia nyingine."

"Basi tuite kamati."

"Tuite tuiambie nini?"

"Kwamba binti alikuwa sahihi. Na yeye ndiye aliyejibu kwanza."

Edgar alimshika begani. "Mama, sikiliza. Hakuna anayebisha, mtoto yuko sahihi. Lakini kombe limeshatolewa. Mgeni rasmi amepiga picha na yule kijana, picha ziko mitandaoni sasa hivi. Tukienda kumnyang'anya, na yeye amekosa nini? Naye kajibu sahihi. Na sisi tutaonekanaje?"

"Tutaonekana tulikosea."

"Wataanzia kwako," alisema Edgar, kwa upole uleule. "Watauliza, huyu mwalimu alikuwa mezani, mwanafunzi ni wake, mbona hakusema palepale, anakuja kusema mlangoni? Watasema mmepanga. Nakutakia mema ninavyokwambia hivi. Tutamwandalia cheti maalumu. Ni mdogo, atasahau."

Imakulata alisimama mlangoni mpaka gari likaondoka. Kila neno la Edgar lilikuwa na mantiki yake, na ndilo lililomuuma.

Siku ya pili Nasima alikuja shuleni kama kawaida. Alisalimia, akafanya kazi zake, akakusanya. Klabu ilipokutana hakuonekana. Imakulata alimwita ofisini.

"Nimeongea na mwenyekiti," alisema. "Anakubali kuwa ulipata."

"Ndiyo, mwalimu."

"Watakupa cheti."

"Cha nini?"

Imakulata alisema, "Nilikatazwa kusema, Nasima. Kulikuwa na sharti. Jaji asimsemee mwanafunzi wake."

Nasima alimtazama kwa makini, kama aliyepewa swali akahisi kuna kitu kimeachwa. "Hukutakiwa kunisemea mimi," alisema. "Ungesema tu sitini na tano ina njia mbili. Hiyo si yangu."

Akaomba ruhusa, akatoka.

Jioni ya Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, Imakulata alikwenda dukani kwa Mselem. Alijiambia kwamba kama hakuweza kulisafisha jina la binti huyu mbele ya mkoa, angalau atalisafisha mbele ya baba yake. Mselem alimpokea kwa heshima, akamtolea kiti nje ya kaunta, akamwagizia soda. Nasima alikuwa ndani akipima mchele wa mteja. Aliamkia, "Shikamoo mwalimu," akaendelea kupima.

"Nimekuja kukwambia," alisema Imakulata, "binti yako siku ile alikuwa sahihi."

Mselem alitabasamu, tabasamu la kumsitiri mgeni. "Ahsante mwalimu. Nnajua wampenda."

"Si mapenzi. Nipe kunde nikuonyeshe."

Mselem alichota kunde kwenye gunia akazimimina juu ya sinia. Imakulata alizipanga kwa kidole: safu nne za kunde nne nne, na pembeni yake safu saba za kunde saba saba. Akamwambia azihesabu. Mselem alihesabu zote bila kuruka, midomo ikicheza, na hapo Imakulata akajua Nasima ameipata wapi tabia ile.

"Sitini na tano," alisema Mselem.

"Sasa zilezile." Imakulata alizivuruga, akazipanga upya: safu nane za kunde nane nane, na moja ikabaki peke yake. Hakuna kunde iliyozidi, hakuna iliyopungua. "Hilo ndilo jibu la yule kijana. La kwanza ndilo la binti yako. Yote mawili ni sawa, na yeye alitangulia."

Mselem aliinama juu ya sinia. Alizivuruga mwenyewe, akajaribu kurudisha ile miraba miwili ya mwanzo, akakosea, akaanza tena, akaipata. Alikaa akiitazama. Kisha akainua kichwa akamtazama binti yake, aliyekuwa amesimama na kibaba cha mchele mkononi, na Imakulata aliona macho ya yule mzee yakijaa maji.

"Nilimwambia kushindwa si aibu," alisema. "Yeye aniambia amepata, mie namfunza adabu."

"Hukujua," alisema Imakulata.

"Mie sikujua." Sauti ya Mselem ilikuwa ya chini, haikuwa na ukali, na laiti ingekuwa nao. "Weye ulijua, mwalimu. Ulikuwa umekaa palepale mbele, na miwani yako, mie nakuona. Mwanangu anachekwa. Hukusema kwa nini?"

Imakulata alieleza habari ya sharti. Alieleza juu ya Fadhil, juu ya mgeni rasmi, juu ya Edgar. Alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kujisikia kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine. Mselem alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ya watu wa Pemba wasiomkatiza mgeni.

"Haya," alisema alipomaliza. "Ahsante kwa kunifahamisha."

Alizikusanya zile kunde, akazirudisha guniani. Imakulata alimtazama Nasima akitumaini jambo, hata hasira. Nasima alikuwa akimuuliza mteja kama anataka na sukari.

Cheti kililetwa, kikabandikwa ofisini kwa mkuu wa shule. Nasima hakwenda kukichukua. Innocent alikwenda Dar es Salaam. Aliposikia habari yenyewe, aliomba namba ya simu kwa walimu akampigia Nasima kumwambia kwamba anaona haya. Nasima alimjibu asione haya, hakufanya kosa. Walizungumza kidogo habari za kambi. Huko, alisema Innocent, watu wanazungumza hesabu hata wakati wa kula. Wasichana walikuwapo wawili.

Mtihani wa taifa ulipofika, Nasima alifaulu vizuri sana, na hisabati alipata alama ya juu kabisa. Shule nzima ilifurahi. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo ya kidato cha tano, Imakulata alisikia kutoka kwa mwalimu wa taaluma kwamba binti ameacha fizikia na hisabati, amejaza historia, jiografia na Kiswahili. Alimsubiri mpaka siku aliyokuja kuchukua vyeti vyake, akamfuata getini.

"Nimesikia umeacha hesabu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa sababu yangu?"

Nasima alifikiri. Alikuwa amekua, ushungi wake ulifungwa kama wa mtu mzima. "Sikuchukii, mwalimu," alisema. "Watu wote wadhani nimekasirika. Mimi nilikuwa naipenda hesabu kwa sababu mtu akipata, amepata. Hata awe mtoto wa nani. Hata awe hasemi. Nilidhani huko hakuna mtu wa kuombwa."

"Na bado ni hivyo. Sitini na tano bado ni sitini na tano."

"Hiyo naijua. Lakini siwezi kukaa na sitini na tano peke yangu. Lazima kuwe na watu mezani." Alirekebisha mkoba wake begani. "Historia angalau toka mwanzo wanakwambia inategemea nani kaandika."

Imakulata alitaka kumwambia kwamba anakosea, kwamba anajinyima kitu chake kwa sababu ya uoga wa mtu mwingine. Lakini hakuwa mtu wa kumwambia hivyo, na wote wawili walijua. Akamuuliza kama amepangiwa mbali. Nasima akasema hajui bado. Wakaagana. Binti alivuka barabara, akapotea kwenye watu wa sokoni.

Mwaka huo mashindano yalifanyika tena, na Imakulata aliitwa tena mezani. Safari hii alipeleka pendekezo kwenye kamati mapema: majaji wapitie kila jibu kabla swali halijahama, na jibu lolote lililo sahihi lipokelewe, hata kama silo lililo kwenye bahasha. Kamati ililikubali bila mjadala. Kila mtu alishangaa mbona halikuwapo siku zote.

Asubuhi ya mashindano, mbele ya ukumbi uliojaa, Mwalimu Edgar alisimama kulitangaza. Alisema hisabati ni somo la haki. Alisema baada ya tafakuri ndefu wameona ni vema kulinda haki ya kila mtoto, kwa kuwa njia za kuufikia ukweli zaweza kuwa zaidi ya moja. Alisema vizuri, kwa ile sauti yake ya mzee wa kanisa. Mgeni rasmi mpya alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kupiga makofi, na ukumbi wote ukamfuata.

Edgar aliinamisha kichwa kupokea. Fadhil alikuwa akipiga makofi huku akiitazama meza. Imakulata naye alipiga, kwa kuwa alikuwa amekaa mbele, na watu walikuwa wanamwona.